Bonsai ikishachipua, usiliamini jua la Aprili

Wenye bonsai (miti inayokuzwa ikiwa midogo vyunguni) huku Ujerumani, msidanganywe na hizi siku mbili tatu za joto. Mti uliolala huvumilia jalidi, lakini ukishafungua machipukizi, usiku mmoja chini ya sifuri unatosha kuyababua. Mti wa mepo (maple) wa Kijapani ndio unaoumia haraka: majani mapya hulegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto, kisha yanakuwa meusi.

Usiku wa kuogopa ni ule wenye nyota tele na usio na upepo. Utabiri ukisema nyuzi 3, usijipe moyo, maana chini kwenye nyasi inaweza kufika sifuri. Jioni ingiza vyungu gereji au kibandani, asubuhi virudishe nje. Sebuleni penye hita hapana, machipukizi yatarefuka ovyo. Mti usiobebeka hadi ndani usogeze ukutani, uufunike kwa shuka kuukuu juu ya vijiti ili kitambaa kisiguse majani. Nailoni siipendi, inapogusa jani, baridi hupenya papo hapo.

Wazee wa hapa hungoja "Watakatifu wa Barafu" wapite, yaani siku za watakatifu zinazohesabiwa kuwa mwisho wa jalidi, Mei 11 hadi 15, ndipo waache kubebabeba vyungu. Nami nangoja nao.