Kufungua duka la skeitibodi Tanga kwa kufuata nyayo za duka lililotangulia

Kabla hujakodi fremu Ngamiani, watafute waliokuwa wateja wa duka la skeitibodi (ubao wa magurudumu manne wa kusimamia na kuteleza) ulilolipenda, uwaulize ni nini hasa kilichowarudisha pale kila jioni, kwa maana mara nyingi si bei, bali ni benchi la kukalia na fundi aliyekubali kuwakazia nati bila malipo. Hayo uyaige; jina la duka usilichukue bila idhini ya mwenyewe. Usajili wa jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), namba ya mlipakodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) na leseni ya biashara kutoka Halmashauri ya Jiji vikamilishwe mapema.

Katika bidhaa, nakusihi utangulize vipuri, kwa kuwa upepo wa chumvi utokao baharini hufanya beringi, yaani vyuma vya mviringo vinavyozungusha magurudumu, zishike kutu upesi. Zinazotumika ni za namba 608, zenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22. Kwa lami chakavu yenye mchanga, magurudumu laini ya kipimo cha ugumu 78A humfaa anayejifunza kuliko magumu ya 99A. Ubao wenyewe, ambao kwa kawaida ni tabaka 7 za mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, usiuanike juani wala usiuegemeze kwenye ukuta wenye unyevunyevu, kwani utapinda.