Jinsi ya kutambua kadi orijino za Pokémon za Kijapani, hatua kwa hatua

Wakuu, hii ni kwa wale wanaokusanya kadi za Pokémon za Kijapani, hasa za miaka ya tisini, maana huko ndiko kwenye hela ndefu na huko huko ndiko feki zimejaa. Kuna jambo moja watu wanaliruka: hakuna alama moja ya siri ya kukuambia hii orijino, hii feki. Kinachofanya kazi ni kulinganisha, yaani kadi unayoitilia shaka unaiweka pembeni ya kadi ambayo una uhakika nayo, ya kipindi kilekile. Hatua zote hapa chini zinategemea hilo.

Hatua ya 1: chagua kipindi kimoja ukijue vizuri

Mimi nashauri uanze na seti ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani tarehe 20 Oktoba 1996, kadi 102, mchapishaji alikuwa Media Factory. Za Kiingereza zilikuja 1999. Sasa sikiliza hapa, zile zilizochapwa mwanzo kabisa hazina alama ya uadimu pale kona ya chini kulia, alama ziliwekwa baadaye: duara kwa kadi za kawaida, almasi kwa za katikati, nyota kwa adimu. Kwahiyo Charizard (yule Pokémon mwenye umbo la joka) ya 1996 isiyo na nyota na Charizard ileile yenye nyota, picha ni moja, mchoraji ni mmoja, Mitsuhiro Arita, ila bei zake haziko hata karibu. Seti hii ya Kijapani haikuwahi kuwa na muhuri wa toleo la kwanza kama ule wa Kiingereza, ukiuona ujue kuna mtu kaugonga mwenyewe. Na si kila kadi isiyo na alama ni ya 1996, kadi za promo, yaani za matangazo, nazo hazina.

Halafu kuna zile za juu kabisa kama Pikachu Illustrator, walipewa washindi wa mashindano ya kuchora ya jarida la CoroCoro mwaka 1997 na 1998, kwa washindi hao zilitolewa 39. Moja Logan Paul, yule YouTuber wa Marekani, aliinunua 2021 kwa dola 5,275,000. Mtu akikufuata inbox anakuuzia hiyo kwa bei ya pikipiki, usihangaike hata kuomba picha.

Hatua ya 2: nunua kadi ya bei rahisi kwanza

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa. Kabla hujagusa kadi ya gharama, tafuta kadi kadhaa za kawaida za seti hiyohiyo, zile za duara ambazo hakuna mtu anahangaika kuzitengenezea feki, ziwe zimechoka kidogo sawa tu. Nunua kwenye duka lenye jina, Tokyo kuna maduka mengi Akihabara na duka la Mandarake kwenye jengo la Nakano Broadway, na sisi tulio mbali tunatumia mawakala kama Buyee au ZenMarket wanaotununulia kwenye minada ya Yahoo na Mercari ya Japani. Kwenye kutafuta andika 旧裏, inasomeka kyuura, ndivyo Wajapani wanavyoita kadi zenye mgongo wa zamani uliotumika mpaka 2001. Ukishika hizo kadi zako mara nyingi, vidole vyenyewe vinazoea ugumu wa karatasi na ule ung'aavu wake.

Hatua ya 3: picha kabla ya hela

Omba picha ya mbele, ya nyuma, kona zote nne, na video fupi akiigeuzageuza kadi kwenye mwanga. Kama ni kadi ya kung'aa (holo), kwenye video angalia mng'ao. Za Kijapani za kipindi kile mng'ao uko ndani ya dirisha la picha tu, na una maduara na vinyota vilivyotawanyika kama anga la usiku. Ukiona kadi nzima inang'aa mpaka kwenye maandishi, au mistari ya upinde wa mvua imenyooka juu hadi chini, hiyo si yenyewe. Linganisha na mgongo pia, kuna feki zina uso wa Kijapani halafu nyuma wameweka mgongo wa Kiingereza. Muuzaji akikataa video au akaanza kukuharakisha, achana naye hata kama bei inakuvutia vipi.

Hatua ya 4: lenzi ya sonara

Kadi ikifika, chukua lenzi ya kukuza mara 30 au 60, zile wanazotumia masonara. Anza na maandishi meusi. Kwenye orijino herufi ni wino mweusi mtupu, mzito, kingo zake kali, kwasababu nyeusi imechapwa peke yake. Picha yenyewe utaona ni nukta ndogondogo za rangi zimepangana kwa mpangilio maalum. Feki nyingi ni kadi iliyoskaniwa ikachapwa upya kwahiyo hata herufi nazo zimevunjikavunjika kuwa nukta za rangi, kingo zina ukungu. Huhitaji kujua Kijapani hata kidogo, weka kadi yako ya bei rahisi pembeni, angalia herufi moja huku na moja kule.

Sasa hamisha lenzi mpaka ile kona ya chini kulia, pembeni ya namba ya Pokémon. Wapo wanaochukua kadi halali yenye nyota wanaikwangua nyota iwe ile ya bei kubwa, na hii ni hatari zaidi maana kadi yenyewe ni orijino, vipimo vingine vyote inapita. Ishike ilale karibu na dirisha, mwanga uje kwa pembeni. Palipokwanguliwa panakuwa pamefifia, ung'aavu wa uso wa kadi umekatika kwa duara dogo, na kwenye lenzi unaona nyuzi za karatasi au rangi iliyopakwa kwa mkono isiyofuata mpangilio wa uchapaji unaouona milimita chache pembeni. Pitisha lenzi hapo taratibu, usiwe na haraka.

Hatua ya 5: mwanga, vipimo, kingo

Tochi ya simu nyuma ya kadi zote mbili, mwanga upite sawasawa. Saizi ni milimita 63 kwa 88. Kingo zisiwe na mikwaruzo ya mkasi. Mizani ndogo ya sonara nayo inasaidia.

Hatua ya 6: kadi zilizopewa gredi

Kuna kampuni zinazokagua kadi, zinaipa gredi ya ubora na kuifungia kwenye kasha la plastiki. Watu wanadhani ikishakuwa ndani ya kasha la kampuni kama PSA, BGS au CGC basi imeisha. Hapana. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, lakini namba inaweza kunakiliwa kutoka kwenye kasha la kweli, kwahiyo kama kuna picha kule linganisha mikwaruzo na mahali vinyota vya mng'ao vilipokaa, hivyo havifanani kwenye kadi mbili. Chunguza pia kingo za plastiki kama zimebanduliwa na kugundishwa upya.

Na gredi yenyewe inaweza kukosea. Mwanzoni mwa 2025 wakusanyaji waligundua baadhi ya kadi za majaribio zilizodaiwa ni za 1996, na zilishapitishwa na kampuni ya gredi, zina vile vidoti vya njano visivyoonekana kwa macho ambavyo printa nyingi za leza za rangi huweka kwenye karatasi. Vidoti hivyo hubeba tarehe ya kuchapwa, na walipovisoma vikatoa mwaka 2024. Kwahiyo kadi za aina hiyo, hata ikiwa kwenye kasha, omba picha yenye ubora mkubwa, iongezee rangi ya bluu kwenye programu ya picha uone kama kuna vidoti, ndipo uongelee bei.