Mtoto wa kuasili anapoficha mkate chini ya mto

Mtoto aliyeasiliwa kutoka nchi nyingine, hasa aliyekulia katika kituo cha watoto yatima, anaweza kuficha kipande cha mkate chini ya mto ilhali kabati la jikoni limejaa. Huo si wizi wala ulafi, bali ni woga wa njaa ambao bado haujamtoka. Badala ya kumkaripia, mwekee kando ya kitanda bakuli dogo lenye ndizi na biskuti, liwe lake peke yake, na ulijaze tena kila jioni akiona. Katika majuma ya mwanzo ni vyema wazazi wapya pekee ndio wamlishe, wamwogeshe na kumbembeleza, hata kama shangazi na majirani watanuna (na watanuna kweli), kwa sababu mtoto aliyezoea kupokezanwa na walezi wengi humkimbilia yeyote anayemnyooshea mikono, jambo ambalo wageni hulidhania kuwa ni uchangamfu tu. Nguo aliyokuja nayo isifuliwe haraka, kwani pengine harufu yake ndiyo kitu pekee anachokitambua nyumbani humo. Akiwa ametoka Goma au Bukavu, jifunzeni angalau kumwambia "njoo" na "usiogope" kwa Kiswahili, na jina lake msiharakishe kulibadilisha.