Ufito, Rili na Mshipi wa Bei Nafuu: Kununua Vifaa vya Bass Ukiwa Lubumbashi

Anayetafuta ufito wa kisasa wa kuvulia hapa Lubumbashi, awe anauliza madukani au anamwagiza dereva wa lori anayepitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, hachukui muda kukutana na neno bass. Limeandikwa kwenye fito, kwenye masanduku ya rili, yaani mashine ya kukusanyia mshipi, na kwenye pakiti za chambo bandia, na mnunuzi asiyelijua hudhani kwamba ni jina la kiwanda. Bass ni samaki wa Amerika ya Kaskazini, ambaye kwa miaka mingi wataalamu wamemwita Micropterus salmoides. Alipelekwa Afrika Kusini mwaka 1928, akazaliana katika mabwawa ya nchi ile, na wavuvi wa kujiburudisha wakampenda kiasi kwamba biashara nzima ya vifaa imejengeka juu yake. Ndiyo maana vifaa vyake vipo vya bei ya chini kuliko vya samaki wengine wengi: vinatengenezwa kwa wingi, na wanaovitumia hubadilisha mara kwa mara na kuuza vya zamani.

Je, vifaa hivyo vinamfaa mtu ambaye Jumamosi anakwenda Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele, kumtafuta makobo? Vinamfaa sana. Makobo, wa jamii ya Serranochromis, hana undugu na bass, kwa kuwa yeye ni wa ukoo mmoja na tilapia, lakini maisha yao yanafanana. Wote wawili wana mdomo mpana, wote hujificha kando ya majani na mafunjo wakingoja samaki mdogo apite, na wote wakishanasa ndoana hukimbilia palepale kwenye majani ili mshipi ujisokote humo. Kifaa kilichobuniwa kurusha chambo cha gramu 10 na kumtoa samaki wa kilo moja au mbili kwenye magugu kitafanya kazi hiyohiyo Marekani, Afrika Kusini au Katanga.

Kosa linalofanywa na wengi, nami nililifanya, ni kuanza na ufito. Ufito ndio unaoonekana, unang'aa, una rangi nyekundu na nyeusi, na mtu huutoa nyumbani kwa fahari. Pesa zikiisha kwenye ufito, rili inanunuliwa kwa masalio, na mshipi unakuwa ule wa bure uliokuja umekwisha kuzungushwa kwenye rili. Samaki hajui rangi ya ufito. Anachokijua ni mshipi unaokatika na breki ya rili, ile inayopaswa kuuachia mshipi kidogo kidogo, inayokwama anapovuta. Kwa hiyo mimi hupanga fedha kwa mpangilio wa kinyume: nikiwa na dola 60, karibu nusu yake inakwenda kwenye rili, dola 12 hivi kwenye mshipi na ndoana, na kinachobaki kinatafuta ufito. Bei hupanda na kushuka, hasa mpakani, lakini mgawanyo huo unafaa hata kama una dola 40 au 100.

Tuanze basi na rili. Zipo za aina mbili. Ya kwanza hukaa juu ya ufito, na bobini yake, yaani kigurudumu kinachozungushiwa mshipi, huzunguka yenyewe chambo kinaporushwa. Mabingwa wa bass huipenda kwa sababu hulenga vizuri, lakini ile ya bei ya chini humtesa anayejifunza, kwani kidole kikichelewa kidogo tu kuizuia bobini, mshipi hufumka na kuwa kiota ambacho wakati mwingine hufunguliwa kwa kisu. Ya pili huning'inia chini ya ufito, bobini yake imesimama bila kuzunguka, na waya uliopindwa ndio unaoukusanya mshipi. Nunua hii ya pili. Ukubwa unaofaa huandikwa 2500, ingawa viwanda havipimi sawasawa, na 3000 pia itafaa. Utaona vilevile maandishi kama 5.2:1, ambayo maana yake ni kwamba mkono wa rili ukizungushwa mara moja, waya ule huizunguka bobini mara tano na kidogo. Kwa kazi yetu chochote kati ya 5 na 6 kinatosha.

Sanduku litajisifu kwa idadi ya beringi. Hapa ndipo nilipopoteza fedha. Niliwahi kununua rili iliyoandikwa beringi 12, nyepesi kama boksi la kiberiti, nikaamini kwamba 12 ni bora kuliko 4. Baada ya safari tatu ilianza kulia kama mlango wa zamani, na kabla mvua hazijaisha mkono wake ulikuwa unazunguka bila kukamata kitu. Beringi nne zilizotengenezwa vizuri hudumu kuliko 12 za hovyo, na hakuna namna ya kuzihesabu ukiwa dukani. Unachoweza kufanya ni kuijaribu rili yenyewe. Izungushe polepole sana huku umeisogeza sikioni, kwa sababu mikwaruzo hujificha inapozungushwa haraka. Shika mkono wake uutikise, uone kama unachezacheza kuliko inavyostahili. Fungua na ufunge ule waya mara kumi. Ukikwama hata mara moja, irudishe mezani.

Baada ya hapo pima breki, jambo ambalo wauzaji wengi hawajazoea kuona mteja akilifanya. Legeza kitufe cha breki kilicho mbele ya bobini, kisha vuta mshipi kwa mkono, taratibu na bila kusita. Mshipi unapaswa kutoka kama mafuta yanavyomwagika, mfululizo. Ukitoka kwa vishindo, ukishika na kuachia, basi siku samaki mkubwa atakapogeuka ghafla breki itashika kwa sekunde moja, na sekunde hiyo inatosha kuukata mshipi. Rudia ukiwa umeikaza kidogo, kisha zaidi. Muuzaji akikuambia, «Papa, hii ni ya Afrika Kusini kabisa», mshukuru na uendelee kuvuta.

Kuna jambo moja linalotupunguzia gharama sisi wa Katanga. Rili nyingi za bei ya juu hulipiwa kwa sababu zimezibwa zisiingiwe na maji ya chumvi, ambayo hula chuma upesi. Maji yetu ni ya mito na mabwawa, hayana chumvi. Usilipie ulinzi wa bahari usiyoivua. Futa rili kwa kitambaa kikavu baada ya kila safari, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye mkono na kwenye kiringo ambacho mshipi hupitia, nayo itakutumikia kwa miaka.

Mshipi ndio unaostahili maneno mengi kuliko ufito, ingawa ndio wa bei ndogo. Nailoni ya uzi mmoja ndiyo ninayomshauri anayeanza, kwa sababu ni rahisi, inafungika vizuri, na hunyumbulika kiasi cha kusamehe makosa ya mkono na ya breki mbovu. Mshipi wa kusukwa una nguvu zaidi kwa unene uleule, haunyumbuliki karibu kabisa, na hupita kwenye majani kama msumeno. Lakini bei yake ni mara kadhaa zaidi, na ukijifunga kwenye rili ya bei nafuu hukosi kilio. Fluorokaboni huzama na haionekani kwa urahisi majini, ila ni ngumu na hujikunja kwenye bobini ndogo, kwa hiyo iache mpaka mkono uzoee.

Kwa makobo, nailoni yenye unene wa milimita 0.25 hadi 0.28 inatosha. Maandishi ya vifaa vya bass hutumia ratili, na ratili moja ni gramu 450 hivi. Ukiona 10 ujue ni kilo nne na nusu. Soma unene kabla ya kusoma nguvu, kwani unene ni vigumu kudanganya na nguvu ni rahisi. Nailoni ya kweli ya milimita 0.25 hukatika kati ya kilo nne na sita. Ikiwa lebo inaahidi kilo 15, lebo hiyo inasema uongo, na kiwanda kinachodanganya hapo hakistahili kuaminiwa hata katika unene. Kataa pia mshipi ambao bobini yake imekaa juani mezani kwa miezi, kwa kuwa jua huidhoofisha nailoni polepole bila kubadilisha sura yake sana. Omba kipande cha mita moja, kifunge fundo la kawaida katikati, lilowanishe kwa mate, kisha vuta kwa nguvu. Mshipi mzima hukataa kwanza. Uliochoka hukatika kama uzi wa shati.

Ikiwa unakusudia kwenda kwenye maji yenye Hydrocynus, yule wa meno ya nje ambaye wasemao Kifaransa humwita poisson-tigre, nailoni pekee haitoshi, hata ile nene. Weka kipande cha waya laini wa chuma cha sentimita 20 au 30 mbele ya ndoana.

Sasa ufito, kwa kifupi. Tafuta wenye urefu wa futi 6 na inchi 6 hadi futi 7, yaani mita 2 au zaidi kidogo, na herufi M, ambayo huashiria nguvu ya wastani. Karibu na mpini kutakuwa na mstari unaotaja uzito wa chambo kwa wakia, kama vile 1/4 hadi 1/2. Hizo ni gramu 7 hadi 14, na ndicho kipimo unachokitaka. Kwa bei tunayozungumzia, ufito wa nyuzi za kioo, au wa nyuzi hizo zikichanganywa na kaboni, ni chaguo la busara kuliko ule unaodai kuwa kaboni tupu. Ni mzito kidogo na hauhisi mguso kwa wepesi uleule, lakini haupasuki ukigongwa na mlango wa basi. Hakikisha pia kwamba ni wa rili inayoning'inia chini: pete ya kwanza karibu na mpini huwa kubwa, na pete zote hutazama chini.

Chagua wa vipande viwili. Ule unaojikunja na kuingia ndani yake kama darubini huvutia kwa sababu hutoshea kwenye mfuko, lakini viungo vyake ni vingi na kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia. Kwa anayesafiri kwa pikipiki, bomba la plastiki la mafundi maji lililozibwa pande zote mbili hubeba vipande viwili salama zaidi. Kabla ya kulipa, unganisha vipande, weka jicho kwenye mpini kama anayelenga bunduki, uone kama pete zote zimekaa kwenye mstari mmoja. Kisha chukua pamba na uipitishe ndani ya kila pete. Pamba ikiacha nyuzi, pete hiyo ina ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo utaukwangua mshipi kila unaporusha. Kwa vifaa vilivyotumika, jaribio hili la pamba lina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Ukiwa nyumbani, usijaze bobini nzima kwa mshipi mpya. Anza na nailoni ya zamani mpaka ifike nusu au zaidi, kisha unganisha mita 100 za mshipi mzuri juu yake, hadi ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Ukijaza kupita hapo mshipi utafumka wenyewe. Ukiacha chini ya hapo, chambo hakitafika mbali. Wakati wa kuvua, usizungushe mkono wa rili samaki anapovuta mshipi kutoka kwenye breki, kwa maana kila mzunguko unausokota mshipi bila kumsogeza samaki hata kidogo.

Breki irekebishwe kabla ya kuondoka, si samaki akiwa tayari kwenye ndoana. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ndogo ya ndoano kama ile ya wauza nyama, jirani aushike ufito ukiwa umeinuliwa, nawe uvute mizani: breki ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, ambayo kwa mshipi wa kilo nne na nusu ni kama kilo moja na robo. Na mvua zitakapokwisha, utoe mshipi wote, uugeuze, ule mwisho uliokuwa umelala ndani bila kuguswa uwe ndio wa nje. Kwa njia hiyo mita 100 zilezile zitakufikisha hadi mvua za Novemba zirudi.