Namna ya Kuhudumia Kidonda Sugu kwenye Ngozi Iliyopigwa Mionzi

Kidonda kinachotokea kwenye ngozi iliyopigwa mionzi ya kutibu saratani, hata kama tiba ilimalizika miaka mingi iliyopita, hakiponi kama vidonda vingine, kwa sababu mionzi huziba mishipa midogo ya damu na kudhoofisha chembechembe zinazojenga nyama mpya. Ngozi hiyo huwa nyembamba, imekakamaa na inang'aa, na ukiibana kwa vidole haikunjiki.

Kabla ya dawa yoyote, daktari akate kipande kidogo ukingoni mwa kidonda kikapimwe, kwani huenda saratani imerudi au mpya imejificha humo. Kubadilisha bandeji kwa miezi kadhaa bila kipimo hicho ni kosa kubwa, ingawa kukata kwenyewe kunahitaji mkono wa mzoefu, maana jeraha la kipimo nalo huchelewa kufunga. Mfupa ulio chini ya kidonda upigwe picha iwapo unashukiwa kuoza.

Wakati wa kusafisha, bandeji iliyoganda isivutwe kamwe. Iloweshe kwa maji safi ya chumvi yanayotumika hospitalini, subiri dakika chache mpaka iachie yenyewe, kisha mwagia kidonda maji hayo taratibu bila kusugua. Spiriti na haidrojeni peroksidi ziwekwe mbali, kwa kuwa huua hata nyama changa. Funika kwa bandeji isiyonata inayotunza unyevu na kufyonza majimaji, uishikilie kwa bandeji ya kuzungusha badala ya plasta, ambayo ikibanduliwa huondoka na ngozi.

Nyama iliyokufa huondolewa na mtaalamu, kidogo kidogo. Antibayotiki za kumeza hutolewa pale tu panapokuwa na dalili za maambukizi, kama vile homa, usaha au wekundu unaosambaa. Mgonjwa ale protini ya kutosha, adhibiti sukari, na aache sigara, kwani hubana mishipa michache iliyosalia.

Yote hayo yakishindikana, baadhi ya wagonjwa hunufaika kwa kuvuta oksijeni ndani ya chumba chenye shinikizo la hewa, kwa kawaida vipindi 30 hadi 40 vya dakika 90 hivi. Upasuaji ukihitajika, kuhamishia pale nyama yenye mishipa yake ya damu kutoka sehemu isiyopigwa mionzi hufaa kuliko kubandika ngozi pekee, ambayo hukosa damu ya kuilisha.