Injini ya boti inapanda joto? Fungua hiti eksichenja uikague na kuisafisha hivi

Hii ni ya nyie wenye boti za injini ya ndani ya dizeli, za kuvua, za kupeleka wageni kupiga mbizi, za kubeba abiria, kuanzia Watamu na Mtwapa mpaka Nungwi na Mafia. Dalili mnaijua: ukienda taratibu geji imetulia, ukiongeza moto ufike mwendo wa kazi joto linaanza kupanda, ukipunguza linashuka. Wengi hapo wanakimbilia kung'oa themostati (valvu inayofunguka injini ikipata joto) na kuitupa. Msifanye hivyo jamani, themostati ikigoma kufunguka mara nyingi joto linapanda hata ukiwa unaenda polepole, lakini ukiona linapanda kwenye mzigo tu basi anza kushuku njia ya maji chumvi, na hiti eksichenja ndo mshukiwa mkubwa.

Kazi yake ni ile ya rejeta ya gari ila badala ya upepo inatumia bahari. Ndani kuna fungu la mirija myembamba, mara nyingi ya shaba iliyochanganywa na nikeli, maji chumvi yanapita ndani ya mirija na maji matamu yenye kulanti (dawa ya kupozea injini) yanaizunguka kwa nje, hayakutani. Sasa maji ya bahari yakipata joto la kama nyuzi 60 kwenda juu yanaanza kuacha chokaa ngumu ukutani, mrija unazidi kuwa mwembamba na lile ganda lenyewe linazuia joto lisitoke. Ongeza mchanga na majani ya baharini unayovuta ukipita kwenye maji kupwa, hasa siku za bamvua, utaelewa kwa nini boti za kwetu zinaziba haraka.

Kazi hii ifanye msimu wa kusi boti ikiwa imelala. Injini iwe baridi kabisa, maana kifuniko cha maji matamu kikifunguliwa cha moto kinakurushia maji usoni. Funga koki ya maji ya bahari chini, afu ufunguo wa injini utundike palepale kwenye koki, hapo hakuna atakayewasha akiwa amesahau kuifungua. Kulanti ikinge kwenye ndoo, usiimwage ngama (chini ndani ya boti) wala ufukweni, ni sumu na ina utamu, mbwa na paka wanainywa.

Kabla hujagusa eksichenja fungua pampu ya maji chumvi uangalie impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Hesabu mapanga yake. Kama kuna panga limekatika halikuyeyuka, limekwenda mbele na maji, na nyumba yake ni mdomo wa eksichenja upande maji yanakoingilia au kona ya mpira wa kabla yake. Hapa ndo mafundi wengi wanakosea, wanafunga impela mpya wanaondoka, boti inarudi na ugonjwa uleule. Usifunge kitu mpaka kila kipande umekishika mkononi, viunganishe kwenye impela ya zamani uone panga zima limetimia.

Haya, legeza vifuniko vya ncha zote mbili. Zile za kampuni ya Bowman zina vifuniko vya mpira na klipu, nyingine zina bolti na oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja). Weka alama ya kalamu kwenye fungu la mirija na kwenye bodi kabla hujalitoa, kuna mafungu yana upande wake na ukirudisha kinyume maji hayapiti inavyotakiwa. Ukilitoa lielekeze juani uchungulie: mrija mzima unaonyesha duara la mwanga, ulioziba unaona ukoko wa kijivu au giza tupu. Likikataa kutoka usipige nyundo, tumia kipande cha mbao na ugonge taratibu kwa kuzungushia pembeni.

Kwa uchafu laini pitisha kijiti cha mbao au brashi ya nailoni inayoenea, ukisukuma kinyume na maji yanakopita. Usitumie waya wa chuma wala spoku ya baiskeli, ukuta wa mrija ni mwembamba sana na mkwaruzo wa leo ndo tundu la baadaye. Chokaa ngumu inataka asidi, na mi napendelea asidi ya limau ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji, kwenye ndoo ya plastiki na fungu likiwa nje ya bodi, kwa sababu bodi nyingi ni za alumini na asidi inaila. Utaona linachemka povu, povu likiisha toa, usiliache humo usiku kucha. Siki nayo inafanya kazi ila polepole.

Asidi ya betri hapana kabisa. Watu wanaitumia kwa sababu iko kila gereji, lakini ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, nayo haiyeyuki, kwa hiyo umetoa ukoko mmoja umeweka mwingine. Na asidi yoyote usiichanganye na jiki, hewa inayotoka inaua. Vaa glovu na miwani, asidi ndo inamiminwa kwenye maji, sio maji kwenye asidi. Ukimaliza suuza kwa maji yenye magadi kidogo halafu maji matamu mengi.

Kuhusu kuvuja: kama kulanti ilikuwa inapungua na hamna tone ngama, inawezekana mrija una tundu, injini ikiwa ya moto kulanti inasukumwa inatoka na maji ya ekzosi, ikipoa maji chumvi yanavutwa ndani. Ziba njia za upande wa maji matamu, weka upepo kidogo, zamisha kwenye maji uangalie mapovu yanatokea mrija gani. Mmoja au miwili unaweza kuiziba ncha zote kwa risasi ya kulehemu, ikizidi nunua fungu jipya.

Zinki, kile kipande kinacholiwa na maji chumvi badala ya shaba, badilisha ikibaki nusu, na nyuzi zake usizifunge tepu nyeupe, lazima chuma kiguse chuma ndo ifanye kazi. Ukiona shaba ya njano (brasi) ya vifuniko imegeuka rangi ya waridi ujue zinki ilikwisha zamani.

Oringi ziwe mpya, zipake grisi ya silikoni. Jaza kulanti, toa hewa, fungua koki, washa, hakikisha maji yanamwagika kwenye ekzosi. Nenda nje uikimbize kwenye mzigo nusu saa, geji ikae kwenye kiwango cha kitabu cha injini yako, na ukirudi ikishapoa kaza klipu zote tena na uangalie kimo cha kulanti.