Somo: Kabla hujachora bodi ya moduli ya PLC, hesabu umeme wake

Wengi wetu tunaanza na chipu, umeme tunaukumbuka mwishoni. Nilishawahi kuunda moduli (kadi ya kuongezea) ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine kiwandani, na ikafanya kazi safi kabisa mezani. Nilipoichomeka kwenye reki, yaani fremu inayobeba moduli na kuzigawia umeme, pamoja na wenzake watano, PLC nzima ikawa inazima na kuwaka upya. Kosa halikuwa la programu, ingawa nilipoteza siku mbili nikiisaka humo.

1. Tafuta vikomo. Mwongozo wa PLC hutaja mkondo unaoruhusiwa kwa nafasi moja, na ule wa reki nzima. Usivichanganye. Moduli zilizokwishakaa kwenye reki nazo zinakula, kwa hiyo chako ni kile kilichobaki. Angalia pia wati za joto ambazo moduli inaruhusiwa kutoa. Mara nyingi zimeandikwa ukurasa mwingine kabisa.

2. Orodhesha walaji wote, kwa kiwango cha juu. Hapa usiwe na haraka. Tuseme nafasi yako inatoa volti 5, mwisho miliampea 500, na unataka rilei 8 (swichi zinazovutwa na sumaku ya koili) pamoja na vipimo vya analogi vilivyotenganishwa.

Rilei ya volti 5 yenye koili ya omu 70 hula miliampea 71. Zikishika zote nane ni 571, umeshapita kikomo hata kabla ya chipu moja. Kitenganishi cha umeme cha kulisha vile vipimo vya analogi, kinachotoa wati 1 kwa ufanisi wa asilimia 75 kinavuta wati 1.33, yaani miliampea 267. Chipu zako zinaongeza kama 60. Jumla: karibu 900.

Sasa hamishia koili kwenye volti 24 za nje. Rilei ya volti 24 yenye koili ya omu 1,600 hula miliampea 15 tu. Upande wa volti 5 unabaki na 267, 60, na 40 za optokapla nane (chipu zinazopitisha ishara kwa mwanga, bila waya kugusana) zinazoamrisha rilei: jumla 367. Hapo unapumua.

3. Usiziamini hizo 24. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya PLC, IEC 61131-2, kinaruhusu zicheze kati ya volti 20.4 na 28.8. Hakikisha rilei inashika kwenye 20.4. Regyuleta ya kawaida (chipu ya kushusha volti) ikishusha volti 28.8 hadi 5 kwa miliampea 100, inachoma karibu wati 2.4 bure, ndani ya kisanduku kisicho na upepo. Weka regyuleta ya aina ya swichi, inayopoteza kidogo.

4. Pima wakati wa kuwaka. Kapasita za maikrofaradi 220 zikijazwa hadi volti 5 ndani ya milisekunde 1 zinadai ampea 1.1. Mita ya kawaida haitaiona. Unganisha rezista ya omu 0.1 kwenye njia ya umeme, utazame kwa osiloskopu: ukiona kilele cha milivolti 110, ndiyo hiyo. Dawa yake ni saketi inayofungulia umeme polepole.

5. Fyuzi ndogo kwenye mlango wa umeme. Hili halina mjadala.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, wastani wa moduli yangu ni miliampea 300. Kilele kinanihusu nini?*
Kinga ya pawa saplai haijui wastani. Mkondo ukipita kiwango chake, inakata au volti zinashuka, na prosesa inaanza upya.

*Nikileta volti 24 za nje, niunganishe sifuri yake na ile ya reki?*
Hapana. Ukiunganisha umeua utengano wote, na kelele za koili zitaingia kwenye PLC. Amri zipite kwenye optokapla.

*Fundi, si niziwashe rilei moja moja kwa programu ili nibaki kwenye volti 5?*
Zikishashika zote, bado ni 571. Koili haina kishindo cha kuwaka kama kapasita, mkondo wake hupanda taratibu, kwa hiyo kuzipishana hakukuokoi kitu. Kinachoweza kusaidia ni kuzivuta kwa volti kamili, kisha kuzishikilia kwa mapigo yanayopunguza mkondo. Kwanza soma volti ya kushikilia kwenye karatasi ya rilei hiyo, na uijaribu kwenye mtikisiko, maana rilei iliyoshikiliwa kwa nguvu kidogo huachia kirahisi.